Umechaguliwa Kuhudumu na Moyoni Una Mashaka: Pa Kuanzia

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye jina lake limesomwa kwenye matangazo ya Jumapili, naye akarudi nyumbani akijiuliza kama waliompendekeza wanamjua vizuri. Labda wanataka uwe mzee wa kanisa. Labda ni ukatekista, au kuongoza jumuiya ya mtaani kwenu, au kufundisha watoto shule ya Jumapili. Wao wamemwona mtu asiyekosa ibada. Wewe unajua kwamba kuna miezi umeomba bila kuona kama yupo anayesikia, na kwamba ukiambiwa "tufungie kwa sala" unatamani ardhi ipasuke.

Fungua Mathayo 28 kabla hujafanya lolote. Karibu kila mkristo anaijua mistari ya mwisho, "Basi, enendeni". Mstari wa 17 ndio tunaouruka: "Nao walipomwona, walimsujudia, lakini baadhi yao waliona shaka." Wako kumi na mmoja mlimani Galilaya, Bwana amefufuka, yuko mbele yao, na bado wengine wana shaka. Agizo linalofuata hawakupewa wale wenye hakika peke yao. Hakuna aliyeambiwa asogee pembeni kwanza.

Kwa hiyo mashaka peke yake si sababu ya kukataa. Lakini pia si kitu cha kufukia na kuendelea kana kwamba hakipo, maana yakifukiwa hutokea mahali pabaya: kaburini, kitandani kwa mgonjwa, mbele ya vijana wanaouliza. Yana namna ya kushughulikiwa.

Kwanza jua una shaka gani

Chukua daftari jioni moja, tenga nusu saa, uzime simu. Andika sentensi zinazoanza na "Siwezi kwa sababu…" kadiri zinavyokuja, bila kuzipamba. Watu wengi huishia na sentensi saba hadi kumi na mbili. Zikikauka, rudi juu uzisome moja moja, na pembeni ya kila moja uandike jibu la swali hili: ilianza lini?

Hilo ni swali la Yesu mwenyewe. Katika Marko 9 baba wa kijana mwenye pepo analeta shida yake, na kabla ya uponyaji anaulizwa, "Amepatwa na haya tangu lini?" Majibu yako yatazigawa sentensi zako katika mafungu manne, na kila fungu lina dawa yake. Ukimpa mtu dawa ya fungu jingine unamwumiza.

Fungu la kwanza ni shaka la maswali. Halina tarehe, limekuja polepole: kwa nini Injili mbili zinasimulia tukio moja kwa tofauti, itakuwaje kwa mababu waliokufa kabla ya injili kufika, mbona Mungu aliamuru vita vile. Maswali ya namna hii yana wasomi wake, na mengi yameshajadiliwa kwa karne nyingi. Andika swali kwa ukamilifu, pamoja na sura na mstari. Soma sura nzima, na iliyotangulia, na inayofuata. Kisha lipeleke kwa mchungaji au mwalimu wa chuo cha Biblia, swali moja kwa mwezi. Usipeleke kumi kwa mpigo, kwa sababu atakujibu kumi kwa haraka na hakuna hata moja litakaloshiba. Na usitafute majibu saa sita za usiku kwenye vipande vya video. Huko kila anayeongea ana hakika, na utalala ukiwa umechoka kuliko ulivyoanza.

Fungu la pili ni shaka la maumivu. Hili lina tarehe. Ukijiuliza lilianza lini unakumbuka siku yenyewe: siku mlipomzika mtoto, siku majibu ya vipimo yalipotoka, siku kiongozi uliyemwamini alipoonekana alivyo. Linavaa nguo za swali, "kama Mungu ni mwema, mbona…", lakini ukilijibu kwa hoja halitulii, kwa sababu ni kilio. Dawa yake ni zaburi za malalamiko. Anza na Zaburi ya 13, mistari sita tu. Mistari 1 na 2 ni lawama: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Ya 3 na 4 ni ombi. Ya 5 na 6 ni tumaini. Isome kwa sauti kila siku kwa wiki mbili, na kama hujafika mahali pa kusema mistari miwili ya mwisho kwa moyo, isome tu kama maneno ya kanisa unayoazima. Ikiwa hata hiyo inakushinda, nenda Zaburi ya 88. Hiyo inaishia gizani, haina mstari wa faraja mwishoni, na bado iliwekwa kwenye kitabu cha sala za watu wa Mungu.

La tatu ni shaka la kustahili: Mungu yupo, lakini mimi si wa kushika kazi yake. Tutalirudia, kwa sababu ndilo linalowarudisha watu wengi nyuma.

La nne halitajwi sana kanisani. Ni uchovu. Eliya katika 1 Wafalme 19 anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Angalia anavyotunzwa: analala, malaika anamgusa, anakula mkate uliookwa juu ya makaa na kunywa maji, analala tena, anakula tena. Hakuna hata neno moja la kumkemea. Maswali yanakuja baadaye, akiwa amefika Horebu. Ikiwa unaamka saa kumi alfajiri, unarudi saa tatu usiku, na Jumamosi una kwaya, lala kwanza. Lala vizuri wiki mbili ndipo uamue kama una tatizo la imani. Na ikiwa kwa wiki mbili au zaidi usingizi umepotea, chakula hakipandi, hakuna kinachokufurahisha, au unawaza kufa, nenda hospitali na umwambie mtu wa karibu leo hii. Sonona ni ugonjwa, una matibabu, na maombi na dawa havigombani.

Udhaifu unaobebeka na usiobebeka

Hapa tuseme wazi, kwa sababu neno la Paulo, "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu" (2 Wakorintho 12:9), limetumika kufunika mambo ambayo Paulo hakuyawaza. Yeye alikuwa na mwiba katika mwili, kitu kilichomwumiza yeye mwenyewe na alichokiombea mara tatu kiondolewe.

Kigugumizi, woga wa kusimama mbele ya watu, elimu ndogo, ugonjwa wa muda mrefu, umaskini, historia mbaya uliyokwisha kuiacha, sala kavu, mashaka: hivi vinabebeka. Ingia kazini navyo.

Lakini kama kuna mtu anayeumia kwa unachofanya sasa hivi, usikubali kazi. Unampiga mkeo. Una uhusiano wa siri nje ya ndoa. Pombe inakutawala. Umekula fedha za kikundi na hujazirudisha. Hayo hayaitwi udhaifu wa kuhudumu nao, yanaitwa dhambi ya kutubiwa na kurekebishwa, tena yakiwa na cheo cha kanisa juu yake yanapata kivuli cha kujificha. Mwambie mchungaji, "Naomba jina langu lisipite mwaka huu, nina jambo la kutengeneza." Huhitaji kueleza kikaoni. Anza kutengeneza.

Kwa wanaoteswa na la kustahili, kuna historia ya Afrika inayowahusu. Mwaka 303 mfalme Diocletian wa Roma alianza kuwatesa wakristo, na Afrika ya Kaskazini baadhi ya viongozi walisalimisha Maandiko ili wapone. Mateso yalipokwisha, likazuka kundi lililosema kwamba huduma inayotoka kwa mikono ya waliosaliti haifai kitu, hata ubatizo wao. Kanisa likagawanyika kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 411 pande zote mbili zilikutana Karthago, Tunisia ya leo, na Augustino, askofu wa Hippo, akiwa miongoni mwa wasemaji. Hoja yake aliirudia mara nyingi: anayebatiza kwa hakika ni Kristo, awaye yote anayemimina maji. Walutheri waliliandika jambo hilohilo katika Ungamo la Augsburg la 1530, kifungu cha 8: Neno na sakramenti hazipotezi nguvu kwa ubaya wa anayezihudumu.

Chukua maana yake kwa kipimo chake. Haikupi ruhusa ya kuishi ovyo. Inakuondolea mzigo wa kudhani kwamba mtoto unayemfundisha Sala ya Bwana ataipata nusu kwa sababu wewe moyoni uko nusu. Anachokula yule mtoto ni Neno, si hali yako ya wiki hii.

Kama kuna dhambi ya zamani inayorudi kila ukishika Biblia, iungame kwa jina lake mbele ya mchungaji au padre, faraghani, mara moja, usikie ondoleo likitamkwa kwa sauti ya mtu mwingine. Kujisamehe mwenyewe kimyakimya kitandani hakufanyi kazi hiyo. Isaya alisema yeye ni mtu mwenye midomo michafu. Kaa la moto likagusa midomo yake kwanza, "Mimi hapa, nitume mimi" ikafuata.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusema ndiyo

Musa alitoa pingamizi tano mbele ya kijiti kinachowaka, na watu humcheka. Tazama lakini namna kila moja ilivyojibiwa. "Mimi ni nani, hata niende kwa Farao?" (Kutoka 3:11): hakuambiwa kwamba yeye ni hodari, aliambiwa "Bila shaka mimi nitakuwa pamoja nawe". Wakiniuliza jina lako niseme nini (3:13): akapewa jina. Hawataniamini (4:1): akapewa ishara, ya kwanza ikiwa fimbo aliyoishika tayari mkononi. Ulimi wangu ni mzito (4:10): akaahidiwa kwamba aliyeumba kinywa atakuwa pamoja na kinywa chake. Ya tano haikuwa pingamizi tena, ilikuwa "tuma mwingine" (4:13), na ni hapo tu ndipo hasira ya Bwana inatajwa. Hata hapo akapewa Haruni.

Basi pingamizi za kweli zina haki ya kujibiwa. Mwendee Baba Mchungaji, au yeyote aliyekupa wito, na umwulize haya ukiwa na kalamu:

Kazi yenyewe ni ipi, kwa matendo? "Kuhudumu kanisani" si jibu. Jibu ni kama "kuongoza ibada ya jumuiya mara mbili kwa mwezi, kutembelea wagonjwa wa kaya kumi na tano, kuhudhuria kikao kimoja cha wazee".

Ni kwa muda gani, na naondokaje muda ukiisha?

Haruni wangu ni nani? Yaani yupo nani wa kufanya sehemu nisiyoiweza. Kama huwezi kuimba, nani anaanzisha nyimbo? Kama hesabu zinakushinda, nani anaandika sadaka?

Nitafundishwa na nani kabla ya kuanza?

Akikujibu "Mungu atakuwezesha" bila kugusa hata moja, uliza tena kwa upole. Mungu alimwezesha Musa kwa kumpa jina, fimbo na ndugu yake. Ukiona bado majibu hayapo, omba kazi ndogo zaidi yenye majibu.

Mtu mmoja wa kumwambia

Usihudumu huku hakuna hata mtu mmoja anayejua. Mchague kwa vigezo vitatu: ameshapita kwenye ukame wa imani na bado anasali, hana tabia ya kubeba maneno, na si mtu ambaye kazi yako iko chini yake moja kwa moja. Mara nyingi ni mama au mzee wa makamo ambaye hashiki kipaza sauti kamwe.

Ukienda, usizunguke. Baada ya salamu sema, "Mama, nimeombwa nihudumu nami nimekubali, lakini nina mashaka haya." Soma sentensi mbili tatu za daftari lako. Mwombe mambo mawili: akuombee kwa jina la jambo lenyewe, na mwonane mara moja kila wiki tatu au nne. Akianza kukukemea pepo la shaka kabla hujamaliza kueleza, mshukuru, uage, utafute mwingine.

Tomaso anaitwa "mwenye shaka" hadi leo, lakini soma Yohana 20:26 polepole. Siku nane baada ya kutamka kwamba hatasadiki, wanafunzi wako ndani tena, "na Tomaso pamoja nao". Wao hawakumfukuza, naye hakususa. Alikuwa chumbani Yesu alipokuja. Ndiyo maana mtu mwenye mashaka asiache ibada ya pamoja, hata ile ambayo hana zamu.

Kuomba maneno yasipokuja

Mwaka 1535 Martin Luther alimwandikia kinyozi wake, Peter, barua ndefu ya namna ya kuomba. Alikiri humo kwamba yeye naye hupoa na kukosa hamu ya sala, na kwamba ikimtokea huchukua kitabu cha zaburi akaenda chumbani au kanisani walipo wengine. Akamkumbusha kinyozi jambo analolijua mwenyewe: mwenye wembe mkononi hawezi kuongea ovyo na kutazama huku na huku, atamkata mtu pua. Njia aliyompa bado inafaa, na inachukua dakika kumi.

Chukua amri moja, au ombi moja la Sala ya Bwana. Lipitie mara nne. Kwanza, linanifundisha nini? Pili, linanipa sababu gani ya kushukuru? Tatu, linanifanya niungame nini? Nne, niombe nini? Kwa "Utupe leo riziki yetu": linanifundisha kwamba unga wa leo umetoka kwake, nashukuru kwa kibarua cha jana, naungama kwamba nilimpita jirani aliyelala njaa, naomba ada ya muhula huu. Basi, sema amina. Shika ombi moja kwa siku, na kesho linalofuata.

Usijipime kwa hisia. Kipimo ni kama umekaa zile dakika kumi. Siku utakayoshindwa kabisa, sema Sala ya Bwana polepole mara moja na ongeza ya yule baba wa Marko 9:24: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Sala hiyo fupi ina imani na kutokuamini ndani ya pumzi moja, na mwanawe alipona.

Kuandaa neno la dakika kumi

Hapa ndipo wengi huharibu, kwa sababu mtu mwenye mashaka hujaribu kuyafunika kwa kelele. Tumia somo lililopangwa kwenye kalenda ya kanisa lako badala ya kuchagua mwenyewe. Ukichagua mwenyewe utazunguka kwenye mistari mitano uipendayo, na watu watachoka kabla yako.

Kama ibada ya jumuiya ni Jumamosi, anza Jumatatu. Soma somo kwa sauti mara tatu, usiandike kitu. Jumanne andika majibu ya haya: Mungu anafanya nini hapa? Nani mwingine yupo, na anataka nini? Kuna neno gani gumu? Jumatano chukua lile neno gumu na usilikwepe. Uliza, tazama tafsiri nyingine ya Biblia, maana wasikilizaji nao wamelikwaa. Alhamisi andika sentensi moja tu ambayo ndiyo utakayoisema. Ijumaa andika ukurasa mmoja na nusu hadi miwili, uusome kwa sauti huku simu ikipima muda. Ukipita dakika kumi na mbili, futa utangulizi. Mara nyingi ndio uliojaa maneno.

Tuchukue somo lilelile la Marko 9:14-29. Sentensi ya haraka ingekuwa "Tuwe na imani kubwa". Rudi kwenye andiko. Wanafunzi, wenye mamlaka ya kutoa pepo, wameshindwa. Waandishi wanabishana nao. Baba anasema "ukiweza neno lolote", maneno ya mtu aliyekwisha kukata tamaa mara nyingi. Hakuna hata mmoja pale mwenye imani kubwa isipokuwa Yesu, na kijana anasimama. Sasa sentensi yako inakuwa: "Mlete kwa Yesu huyo unayemhangaikia, hata kama imani uliyo nayo ni nusu." Hiyo unaweza kuisema bila kudanganya, na sebule nzima itaisikia.

Kanuni ya ulimi ni hii: sema unachokiona kwenye andiko na kile kanisa linachokiungama. "Andiko linasema", "kanisa linaungama", "mtume anatuambia". Usiseme "Mungu ameniambia" kama hukuambiwa. Usitunge ushuhuda, wala usikuze wa kweli. Usimwahidi mtu kupona, kupata kazi au mume kwa tarehe. Ukijibana na kanuni hii utagundua kuwa bado una mengi ya kusema.

Je, uyataje mashaka yako mbele ya watu? Yaliyo mabichi, hapana. Yapeleke kwa yule mtu mmoja. Mkutano si mahali pa kuomba kubebwa na watu uliopewa uwabebe. Yaliyokwisha kutulia unaweza kuyataja kwa sentensi mbili, kisha urudi kwenye somo.

Na ukiulizwa swali usilolijua, jibu liwe hili: "Hilo sijui. Naliandika, nitamwuliza mchungaji, wiki ijayo nitakuletea." Liandike mbele yake. Wiki ijayo lilete, hata kama jibu ni kwamba wanatheolojia wenyewe wanatofautiana. Vijana wengi hawakimbizwi na "sijui". Wanakimbizwa na "usiulize hivyo".

Kwa mgonjwa na msibani

Huku ndiko shaka huamka. Toa taarifa kabla ya kwenda. Kaa kwenye kiti, usisimame kando ya kitanda ukimtazama mgonjwa kutoka juu. Muulize amelalaje, msikilize. Soma zaburi fupi, ya 23 au ya 121. Omba kwa dakika moja au mbili, ukimtaja kwa jina na kutaja shida aliyoitaja yeye. Dakika kumi na tano hadi ishirini zinatosha, kisha aga.

Msibani usieleze sababu. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila neno (Ayubu 2:13), na hilo ndilo jema walilofanya. Makosa yalianza walipofungua vinywa. Na lile "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa" lilisemwa na Ayubu mwenyewe aliyefiwa. Mwache mfiwa aliseme akiweza. Wewe sema "pole sana, mama", shika ndoo ya maji, panga viti. Yesu kaburini kwa Lazaro alilia, akijua anachokwenda kufanya.

Yanayoharibika mara nyingi

Kukubali kazi tatu kwa mwaka mmoja ili kujithibitishia imani. Mtu huchoka kufikia mwezi wa nne, uchovu unageuka shaka, naye anadhani Mungu amemwacha. Chukua moja.

Ukali. Mwenye mashaka yaliyofichwa huwa mkali kuliko wote kwa mashaka ya wengine. Ukijisikia hasira isiyo na kipimo kijana anapouliza kama Mungu yupo, ujue umeguswa mahali pako. Nyamaza, vuta pumzi, kisha mwambie aendelee. Waraka wa Yuda unaagiza walio na shaka wahurumiwe.

Fedha kushikwa na mtu mmoja. Sadaka ihesabiwe na wawili, palepale, iandikwe na kusainiwa kabla ya watu kutawanyika. Anayejiona hastahili hana haja ya kuongezewa tuhuma.

Kujilinganisha na mhubiri wa mkutano wa hadhara. Petro, baada ya kumkana Bwana kando ya moto wa makaa, aliulizwa maswali yake kando ya moto mwingine wa makaa (Yohana 18:18 na 21:9). Hakuulizwa kama sasa ana hakika, wala kama hataanguka tena. Aliulizwa mara tatu kama anampenda, na kila mara akapewa kazi ileile ya kondoo. Kisha akageuka, akamwona mwanafunzi mwingine, akauliza, "Na huyu je?" Akajibiwa, "Imekupasaje wewe? Wewe unifuate mimi."

Baada ya miezi mitatu

Weka tarehe tangu siku ya kwanza. Ikifika, kaa na mchungaji, na yule mtu wako mmoja ukitaka, na fungua daftari kwenye zile sentensi za "Siwezi kwa sababu". Weka alama mbele ya kila moja: imekwisha, imepungua, iko vilevile, imezidi. Zikiwa vilevile lakini kazi imefanyika na watu wametunzwa, endelea. Hivyo ndivyo wengi wanavyohudumu miaka mingi. Zilizozidi, tazama kama ni za fungu la maumivu au uchovu, na omba zamu ipunguzwe kabla hujavunjika. Ukiona ni lazima uache, acha kwa utaratibu: toa taarifa ya mwezi mmoja, kabidhi funguo, daftari la sadaka na orodha ya wagonjwa kwa maandishi, na mtembeze anayekupokea kwenye zile kaya kumi na tano, nyumba kwa nyumba, umtambulishe kwa jina. Jumapili inayofuata, nenda ibadani.